Maji ya Kijani

Prudencia alikuwa amekaa kwenye benchi la kivuko, amevaa fulana ya kampuni yake ya kufuga sato ziwani, mwanamume mmoja wa makamo alipoketi kando yake.

"Habari za kazi, dada? Naitwa Maige. Nasimamia vizimba vya samaki vya jirani zenu."

Prudencia akajibu nzuri, huku akijiuliza huyu kafuata nini. Kampuni zao ziligombea wateja walewale wa soko la samaki la Mwaloni, na wafanyakazi wa pande hizo mbili hawakuwa na mazoea ya kusalimiana.

"Wiki iliyopita maji yetu yaligeuka kijani," Maige akasema kwa sauti ya chini. "Tukaendelea kuwalisha samaki, kumbe tunawamaliza. Samaki aliyeshiba hutumia hewa nyingi, na maji yale hayana; wakafa wengi sana. Mkiona maji yamekuwa hivyo, acheni kabisa kulisha."

"Bosi wako anajua unaniambia haya?"

"Akijua atanifukuza."

"Sasa unaniambia ili iweje? Wetu wakonde, ninyi mpeleke sokoni walionona?"

"Dada, ziwa ni hilihili. Wenu wakioza, uozo unakuja kwetu. Kwani maji yenu yakoje?"

"Safi kabisa," akasema Prudencia. Asubuhi ile alikuwa amewaona sato wakihema juu ya maji ya kijani.

Kivuko kikafika gatini, na Maige akashuka na abiria wengine.

Prudencia alisubiri mpaka alipopotea machoni, ndipo akawapigia simu wenzake vizimbani.

"Leo msiwalishe samaki."

"Nani kasema?"

"Mimi," akajibu, akakata simu.