Msimfukuze Kabla Hajasema

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kitinda mimba acha kulia, bado sijafa, nikifa utapata nafasi ya kutosha. Nasema nikiwa na akili zangu zote, hata kama hazikuwahi kuwa nyingi. Nimewasikia mkinong'ona ukumbini, ukuta huu ni mwembamba na nimefaidi mengi kupitia hapa, kwamba hati ya nyumba haimo sandukuni, kwamba mke wa marehemu kaka yenu ndiye aliyeichukua, na kwamba kesho asubuhi mtamtolea mizigo yake nje. Nani kati yenu amemuuliza? Hakuna. Basi nisikilizeni.

Baba yenu alipokufa, shangazi yenu alinishtaki katika mahakama ile ndogo nyuma ya soko, akidai nyumba ni ya kaka yake na mimi nilikuja na cherehani tu. Kweli nilikuja na cherehani, lakini ndiyo iliyoezeka bati hizi, sare moja ya shule baada ya nyingine. Siku ya kesi nilifika mapema, nikakaa kwenye benchi la nje, na ubavuni mwangu muuza samaki mmoja akawa anasimulia habari za fundi saa aliyeoa wake wawili mtaa mmoja, kila mmoja akidhani mwenzake ni dada wa mume. Nyie mngeondoka? Tulihamia hadi nyuma ya jengo, maana fundi saa mwenyewe alikuwa anapita. Kumbe huko mbele karani akaniita mlangoni mara tatu. Niliporudi, hakimu alishaandika: nihame ndani ya siku thelathini.

Nilipiga kelele nusura niwekwe ndani. Karani, Mungu amlaze pema, akanivuta kando: "Mama, kelele hazisomeki. Andika kwa nini hukuwepo, uombe usikilizwe." Nami na darasa langu la tatu nikaandika ukweli mtupu: nilikuwa nasikiliza umbea. Hakimu akausoma kwa sauti, watu wakaangua kicheko, shangazi yenu akapiga makofi. Hakimu naye alicheka hadi akavua miwani, kisha akaivaa tena, akasema, "Kupenda umbea si sababu ya mtu kupoteza nyumba bila kusikilizwa," akaifuta hukumu yake mwenyewe mbele ya watu wote. Mtu mzima, na koti lake, akakubali kuanza upya kwa ajili ya mshona sare! Mpaka leo nikiomba dua namtaja yeye kabla ya baadhi yenu.

Lakini na shangazi yenu alipewa zamu yake, na mimi kila nikidakia naambiwa, "Mama, funga mdomo, yako inakuja." Nikafunga, kwa shida. Ndipo nikasikia nisilolijua: kwamba mawe ya msingi alibeba yeye kichwani akiwa mjamzito, mimba ikatoka, na baba yenu hakuwahi kuniambia. Hakimu akaniachia mimi nyumba, na shangazi yenu akampa chumba cha mbele mpaka kufa kwake. Mnakumbuka tulivyotukanana na kucheka mle miaka yote? Ningemkosa, wanangu.

Msidhani namtetea mke wa kaka yenu. Hata mimi nina shaka naye. Lakini shaka yangu si hukumu. Nyumba ni yenu nyote sawasawa, na fungu la marehemu limo, ila mtu asiguse hata tofali kabla huyo mwanamke hajasema mpaka mwisho. Cherehani apewe binti yangu mkubwa. Na wewe kaka mkubwa, unayejibu kabla swali halijaisha, leo utakaa pale mlangoni na mkono mdomoni.

Niinulieni mto... hivyo. Nashukuru, mmenifurahisha, hata mlipokuwa wajinga. Mungu awape maisha marefu, na siku mtakapokosea... awape mtu wa kuwasikiliza.

Sasa mwiteni. Si kwa ukali. Mwiteni kama mnamwita kula.

Njoo, mkwe wangu. Kaa hapa kitandani. Hao usiwaangalie, niangalie mimi. Hati haimo sandukuni... wanasema ni wewe. Anza popote, mwanangu, wala usiharakishe. Pumzi iliyobaki... ni ya kukusikiliza.