Bombarde ya Félicien, Pembe ya Pontien

Wasikilizaji wapendwa wa Kalundu, wa Mulongwe, hapa Uvira, na weye mwenye uko kule juu milimani Rurambo, umetundika redio ku muti juu ichukue vizuri, jambo kwenu wote. Leo minye sifungui na muziki. Leo tunakumbuka muntu.

Jina lake Nduwimana Pontien. Narudilia: Nduwimana Pontien, muzee wa Mulongwe, mwenye alikuwa anatengeneza ma bombarde ya pembe. Alitutoka siku ya tatu ya hii wiki, asubui, amekaa mbele ya nyumba yake, wembe ya kukwangulia matete iko ku mapaja. Alikuwa na miaka makumi saba na nane.

Kwa wenye hawajui: bombarde ni firimbi ya zamani sana ya Wazungu, fupi sawa mukono wa mutoto. Pale ku mudomo wanatia kitu inaitwa anche. Anche ni vipande viwili vya matete, vyembamba, vimefungwa pamoja sawa midomo miwili ya muntu. Unapuliza, ile midomo inatetemeka, na sauti inatoka kali! Kali, wapendwa! Mbwa ya jirani inahama.

Na muzee Pontien alikuwa muntu wa wivu. Nasema tena, musizani nimekosea: wivu. Binti yake Consolate njo alinituma niseme. Aliniambia hivi: "Usimusifu Papa na uongo. Bila wivu yake, hakuna mutoto mu Mulongwe angegusa bombarde. Mama alikuwa anamuambia, 'Pontien, ungenionea minye nusu ya wivu unaonea ile firimbi, ningekuwa malkia.'"

Turudi nyuma. Mwaka elfu moja mia kenda makumi sita. Pontien iko na miaka kumi na sita, mutoto wa bonde la Ruzizi, anasoma hapa Uvira kwa mapadiri. Padiri mumoja, mutu wa Bretagne, kule Ufaransa kwenye bombarde inatoka, iko na bombarde moja. Moja tu! Na vijana wenye wanaitaka ni wawili. Wa kwanza Pontien. Wa pili Félicien, mutoto wa Kalundu, baba yake alikuwa anabeba mizigo ku bandari. Wanafundishwa pamoja. Wiki ya Félicien, wiki ya Pontien. Pontien anahesabu siku.

Uhuru inakaribia. Padiri anafunga sanduku, anarudia kwao. Anaita vijana wote wawili. Anashika bombarde. Anatazama huyu, anatazama huyu. Anaweka mu mikono ya Félicien.

Basi. Hakusema sababu.

Tarehe makumi tatu ya mwezi wa sita, Uvira muzima iko mu barabara, wamama wanapiga vigelegele, Félicien iko mbele kabisa anapiga bombarde, mashavu imejaa sawa maandazi. Pontien iko nyuma, wamemupa kubeba bendera. Muzee mwenyewe aliniambiaka, iko hapa mu telefone yangu, nasoma: "Siku ya uhuru minye sikuona bendera. Nilikuwa naibeba na sikuiona. Niliona tu vidole ya Félicien."

Pontien akaanza kutafuta yake. Akaenda Usumbura, mu duka ya vyombo. Akauliza kama kuko bombarde, ao hata ndugu yake hautbois, ya muntu wa kuanza, ya bei ndogo. Mwenye duka akamutazama viatu. "Iko. Baba yako iko na ng'ombe ngapi?" Akatoka.

Akatuma mutu wa mashua aende Kigoma. Yule akarudi na kitu mu gazeti. Pontien akafungua pale pale ku bandari ya Kalundu. Clarinette! Firimbi ingine kabisa, iko na ulimi moja tu ya tete, hapana midomo miwili, na kipande ya chini imepotea. Mutu wa mashua akasema, "Si inapulizwa?" Wapakizi wakacheka mpaka wakaweka magunia chini.

Sasa sikilizeni namna wivu inafundisha akili. Matete iko ya bure, Ruzizi imejaa matete. Anche atatengeneza mwenyewe. Lakini mwili wa bombarde unapaswa kuanza mwembamba na kumaliza mupana. Kitu gani kinaanza chembamba na kinamaliza kipana, na mutu masikini anaweza kuipata?

Pembe ya ng'ombe.

Mu soko ya Mulongwe kulikuwa mama mumoja Muprotestanti wa Rurambo, kule milimani kwenye ng'ombe, mama Nyirakamana, mwenye alikuwa anashuka na siagi. Pontien akamupigia magoti.

"Mama, nisaidie pembe moja, ndefu."

"Weye ni Mukatoliki?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa Mukatoliki anataka pembe ya nini? Ya uganga?"

"Hapana, mama. Ya kumusifu Mungu."

"Mungu wa upande gani?"

 Pontien akaona pembe inaponyoka. Akasema, "Wa upande wako pia, mama. Utanifundisha wimbo moja."

Mama Nyirakamana alicheka! Wiki yenye ilifuata akashuka na pembe, na wimbo wa Waprotestanti ndani yake. Pontien akatoboa matundu na musumari wa moto, akafunga anche na uzi wa kushonea neti. Miezi ine. Anche ya kwanza ikapasuka. Ya pili ikanyamaza. Ya tisa ikalia.

Siku ya Mungu, watu wakitoka mu misa, akapiga. Sauti ilikuwa nzito, ya huzuni, ya ajabu. Watu wakasimama. Na Félicien akacheka kwa nguvu, mbele ya wabinti wote: "Pontien! Ng'ombe yako inalia! Ipeleke ku majani!"

Hii neno ilimuingia Pontien sawa mwiba. Miaka tatu hakumusalimia Félicien.

Wasikilizaji wapendwa, sasa tunafika mwaka makumi sita na ine. Wakati ya Mulele, mukubwa wa wenye kuasi serikali. Maasi imeingia Uvira. Ku daraja ya Mulongwe kuko kizuizi, vijana na mikuki na bunduki moja moja, majani imefungwa ku kichwa. Pontien anapita na pembe yake mu mufuko. Wanamusimamisha.

"Nini hii?"

"Firimbi."

"Piga."

Akapiga. Wakafurahi, mumoja akacheza. Mukubwa wao akasema, "Weye njo fundi wa kwanza wa hii muji!"

Pontien angesema aksanti, angeenda. Lakini wivu, wapendwa! Wivu haina akili ya kunyamaza. Alikumbuka Félicien, na mudomo ukatoka na maneno ya uchungu: "Hapana, chef. Mimi niko na pembe tu. Félicien wa Kalundu njo iko na bombarde."

Mukubwa akamusogelea.

"Iko na nini?"

"Bombarde."

"Anaificha wapi?"

"Chini ya kitanda," Pontien akajibu. Angali hajaelewa! Anazani wanapenda muziki!

Wale hawakusikia firimbi. Walisikia bombe, bomu ya vita. Walisikia silaha ya kubomoa nyumba. Wakakimbia upande wa Kalundu wanapiga kelele, "Kuko mutu na bombarde! Kuko mutu na bombarde!" Pontien akabaki ku daraja, na pale, pale tu, neno ikamurudilia mu masikio namna wao waliisikia. Akavua viatu. Akakimbia.

Alikuta Félicien iko magoti mu lupango ya nyumba yao, mama yake amelala chini analia. Sanduku iko wazi. Bombarde iko mu mikono ya mukubwa, anaishika mbali na mwili sawa nyoka.

"Inalipuka namna gani?"

"Hailipuki, chef! Inapulizwa!"

"Basi puliza. Ikinyamaza, tunajua weye ni adui."

Félicien akatia ku mudomo. Pfff. Akapuliza tena. Pfff. Mate ilikuwa imekauka juu ya woga, na anche, kama haiko na maji, hailii. Hailii hata kwa fundi. Mukubwa akainua mukono.

Pontien akaingia. Alikuwa amekimbia na anche yake ya matete mu shavu, namna alikuwaka anaitunza ikiwa na maji. Akanyakua bombarde, akatoa anche ya Félicien, akatia yake, akapiga. Mara ya kwanza tangu padiri alienda, vidole yake inagusa ile bombarde. Na alipiga nini? Wimbo wa mama Nyirakamana.

Vijana wakashusha mikuki. Mama ya Félicien akaketi. Mukubwa akacheka mpaka machozi: "Kumbe bombarde ni hii!" Kisha akauliza, "Iko ya nani?"

Hapa Consolate aliniomba nisiruke. Sitaruka. Pontien alinyamaza. Alikuwa nayo mu mikono. Iko na moto bado. Mukubwa akachoka kungojea. "Mwenye anajua kuipiga njo mwenyewe. Beba, uende."

Na Pontien akabeba. Akaenda. Hakugeuka.

Félicien akavuka ziwa kesho yake, akabaki Kigoma miaka tatu. Na Pontien? Bombarde alikuwa nayo. Aliipiga mara ngapi? Hata moja. Aliniambia: "Nilikuwa naitia ku mudomo, nasikia pfff ya Félicien."

Félicien akarudi. Pontien akaenda Kalundu, amefunga bombarde mu kitenge, na pembe iko mu mufuko sawa siku zote.

"Yaya, mukubwa yangu, nimerudisha yako. Siku ile njo minye nilikutaja."

"Najua."

"Juu ya wivu."

"Najua. Weka chini. Sitaki hiyo. Nipe ile pembe."

"Ile ulichekaka?"

"Unazani nilicheka juu ya nini, we mujinga? Yangu nilipewa. Yako uliizaa mwenyewe. Siku ile ku kanisa hata mama yangu alilia. Yangu hajaliliaka. Lete pembe!"

Wakabadilishana. Na munazani wivu iliisha? Eh! Pontien akaanza kuonea wivu pembe yake mwenyewe! Miaka makumi tano na zaidi alikuwa anatengeneza zingine, afikie ile ya kwanza. Anapima, anasikiliza, anatikisa kichwa: "Haijafika." Yenye haijafika anapatia mutoto wa kuanza, bei yake kuku moja, ao kitu chochote. Ndiyo hivi Mulongwe imejaa bombarde. Njo hizo munasikia jioni, zinalia sawa bata.

Jana mu kilio Consolate aliomba Félicien aweke ile pembe mu sanduku ya kuzikia Papa. Muzee Félicien, miaka makumi saba na kenda, akaishika ku kifua. "Hapana! Akienda nayo, nitamukuta kule amenipita." Watu walicheka na machozi.

Kwa mama Consolate na familia yote ya Nduwimana, kwa muzee Félicien, kwa wanafunzi wote wa pembe: pole sana, kutoka hapa redioni. Mungu wa pande zote amupokee. Na weye mwenye unanisikiliza, kuko muntu unamuonea wivu, unamujua, jina lake imekuja sasa hivi mu kichwa. Umuendee, umuambie anafanya kazi muzuri, wakati angali na masikio.

Nilichukua sauti na hii telefone, pale ku kaburi. Félicien hana tena meno ya kushikilia anche, lakini alipiga. Nasogeza ku mikro. Musikilize vizuri mwisho, pembe ikisha kunyamaza, ile neno anasema pole pole akiinama ku udongo:

"Pontien. Ng'ombe yako inalia."