Fundi wa Sikio na Gari Lililokataa Kamba

Wasikilizaji wapendwa, acheni sufuria kidogo, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi wa magari ya zamani, aliyeitwa na wote Mzee Cheche. Alikunywa chai asubuhi, akaegemea kiti. Basi.

Alikuwa fundi wa sikio. Wateja wanaapa aliwahi kusikiliza injini kwenye simu akasema plagi ya tatu imelegea. Dada yake anasema ilikuwa ya pili. Wapo wanaodai gari lenyewe ndilo lililopiga simu. Hao tuwaachie Mungu.

Alikuwa na gari lake kuukuu, la rangi ya maziwa. Siku moja kabla ya kifo chake alikuwa amelichomoa distribyuta, kile kifaa kinachogawa moto kwa kila plagi kwa wakati wake. Narudia, wapendwa: gari uani, distribyuta mezani juu ya gazeti, fundi hayupo.

Mjane akatamka jambo moja tu. "Mume wangu atatanguliwa na gari lake mpaka makaburini. Na halivutwi kwa kamba."

Kazi ikamwangukia binti yao, fundi naye, mwanafunzi wa babake. Tangu msiba uingie hakuwa amelia. Watu walimpa pole, akajibu "asante" kama anayepokea risiti.

Akavaa ovaroli. Akafungua plagi ya kwanza, akaziba tundu kwa kidole gumba. Baba mdogo akazungusha injini kwa spana. Pistoni, wasikilizaji, hupanda mara mbili: mara moja kukandamiza petroli na hewa, mara nyingine kutoa moshi. Alama kwenye puli, lile gurudumu la mkanda, ni ileile mara zote mbili. Kidole ndicho mwamuzi: kikisukumwa, hapo ndipo cheche inatakiwa.

Alama ikakaa sawa. Akafunga distribyuta. Akawasha.

Paa! Kaburata ikatema moto. Waombolezaji wakainama. Shangazi akashika kiuno: "Kaka, hata leo unagoma?"

Watu wakacheka, wakajizuia. Binti hakucheka.

"Nimeiweka kwenye moshi," alisema. Kosa analowakemea wanagenzi wake kila mara.

"Si uliziba kwa kidole?" baba mdogo akauliza.

"Niliziba, baba. Sikuhisi kitu. Tangu juzi sihisi kitu."

Baba mdogo akaenda kutafuta kamba.

"Iache hiyo, shemeji," mjane akasema, akikunja mikono ya gauni. "Mwanangu, kidole nakiweka wapi?"

"Mama, utachafuka."

"Nimefua ovaroli za babako maisha yangu yote, leo ndiyo niogope grisi?"

Spana ikazunguka. Kimya. Ikazunguka tena, na mama akashtuka. "Kinanisukuma!"

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu. Kama kuna mtu anataka kutoka."

Binti akainua distribyuta, akageuza rota, ule ulimi wake unaozunguka ndani, nusu mzunguko, akairudisha. Safari hii gari likaitika. Akaizungusha distribyuta taratibu, kama baba alivyozoea kumwelekeza: "Lipeleke mbele mpaka lipate kiherehere, kisha lirudishe kidogo lipate adabu." Mngurumo ukatulia. Akakaza nati.

Gari likatangulia jeneza, polepole, bila kamba.

Makaburini wote wakashuka. Binti akabaki kwenye usukani, ameshika ufunguo. Jeneza likapanda mabegani. Injini bado inanguruma. Mama akainama dirishani.

"Zima, mwanangu. Tumefika."

"Siwezi, Mama."

Mama hakubishana. Akazunguka, akafungua mlango, akakaa kando yake. Wenye jeneza wakasimama kungoja. Wawili hao wakaisikiliza injini ya mzee mpaka mama akaweka mkono wake juu ya mkono wa binti, wakazima pamoja.

Kwa mjane, binti, shangazi na baba mdogo: poleni sana, kituo hiki kipo nanyi. Na wewe unayenisikiliza, ukimwona mfiwa hana chozi, usimwambie alie, wala usimwambie ajikaze. Ingia, funga mlango taratibu, ukae naye.