Kwa Nini Mzee Kiema Analala Huku Juu

Marehemu Mzee Elijah Kiema Mutua alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 hapa Ikutha, kifungua mimba wa marehemu Mutua na marehemu Wayua. Alisoma shule ya msingi hadi darasa la saba mwaka 1971, na walimu wake walimkumbuka kwa ubishi kuliko kwa hesabu.

Alifanya biashara ya mbuzi maisha yake yote, akinunua vijijini na kuuza Kibwezi. Huko ndiko alimpata Waruguru, binti wa mwenye duka. Siku alipoenda kujitambulisha, mwaka 1982, alipeleka beberu wa zawadi, na beberu akala kitambaa cha meza cha mama mkwe kabla chai haijaletwa. Marehemu hakuomba radhi. Alisema mbuzi anayekula vizuri ni mbuzi mwenye afya. Harusi ilifungwa mwaka uliofuata.

Mwezi wa tano mwaka huu, mbwa mwitu walizalia kwenye shimo lililochimbwa na mhanga, yule mnyama mla mchwa, kule chini mwisho wa shamba, karibu na kaburi la baba. Wanyama hawa hawaishi bara lingine ila Afrika, na hata kwetu wamebaki wachache mno. Walikuwa wameua mbuzi wa Nzomo, mdogo wake marehemu, naye Nzomo akataka kuwategea sumu. Marehemu, ingawa saratani ya tumbo ilikuwa imeshamkondesha, alimjengea zizi imara la miiba, kisha akamwonya kwamba sumu ikionekana hapo, undugu umeisha.

Alipolazwa Kibwezi mwezi Juni, alijua harudi. Alijua pia kwamba kifungua mimba huzikwa kando ya baba yake, na kwamba umati wa mazishi ungewafukuza mbwa wale kabla watoto wao hawajaweza kwenda mbali.

"Mbwa walimaliza mbuzi zangu," Nzomo alimwambia, "na sasa unawaachia mpaka place ya baba?"

"Baba hasumbuki, Nzomo. Hao wadogo ndio watakufa njiani. Mimi nizikeni kule juu, kando ya barabara, na msilete spika."

Ilituuma. Mimi Kalondu, dada yake, nililia kumwona akijitenga na baba. Wazee wa ukoo walikuja kumbembeleza, akageukia ukuta mpaka wakaondoka. Alifariki tarehe 2 Julai 2024, bila kubadilisha neno.

Ndiyo maana hema liko hapa barabarani, na mchungaji anahubiri kwa sauti yake mwenyewe. Tunaomba mwimbe kwa sauti ya chini.

Marehemu ameacha mjane, Waruguru, watoto, Mutua na Ciku, wajukuu, dada yake Kalondu, na mdogo wake Nzomo. Mungu ampe utulivu alioung'ang'ania.

Msimtafute Nzomo hapa mbele na familia. Kaburi hili amelichimba yeye, na tangu asubuhi amesimama kule kwenye njia ya chini, akiwarudisha wote wanaotaka kuteremka.