Mjane Aliyegawanywa Vipande Vitatu

Benchi letu liko mbele ya duka la kinyozi tunayemwita Wembe, na asubuhi ile tulikuwa na birika la kahawa katikati yetu. Wembe anataka kuoa. Baba wa binti, mwalimu mstaafu, alimwazima riwaya nene ya zamani, Mjane wa Kasri la Mawe: aisome, aende kumsimulia, ndipo waongee habari za harusi. Siku ilikuwa imefika. Wembe na kusoma ni paka na maji, kwa hiyo aliikata riwaya kwa wembe vipande vitatu, akatugawia sisi rafiki zake tumsomee. "Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema, akafuta wembe.

— Mimi nina mwisho, alianza Spana, fundi wa magari. Mjane anakufa. Farasi wamekata breki mlimani.

— Farasi wana breki? nilimuuliza.

— Hawana. Ndiyo maana kafa. Hiki ni Mjane wa Kasi na Mawe.

— Acha uongo, alidakia Pindo, fundi cherehani. Kwangu katikati yuko hai, anapimwa gauni la harusi mpaka kurasa zinaisha. Ni Mjane wa Kasri la Mavazi. Na anampenda fundi.

— Fundi kwangu hayumo.

— Basi alikufa kabla hajalipwa. Wakubwa ndivyo walivyo.

Nami nikasema ukweli: mwanzo niliopewa hauna mjane. Mume yuko hai, anakula mezani.

— Sasa mjane nani? aliuliza Wembe.

— Kasri lenyewe, alisema Pindo. Vitabu vikubwa vina mambo hayo.

— Au farasi, alisema Spana.

— Jamani, nampenda yule binti. Nipeni hadithi moja tu.

Hapo akatokea mzee mwenyewe, mwalimu, mkono kidevuni. Tukasimama wote.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba. Nimekuja kupunguza ndevu, nimewasikia tangu kule kwenye kona. Kumbe kijiwe kizima mmesoma! Mkwe wangu ana watu.

Wembe aliposikia "mkwe wangu", macho yalimlowa.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Spana.

Mzee akaketi.

— Kitabu kile alikuwa akikisoma marehemu mke wangu, mama yake binti. Hebu nikishike kidogo. Kiko wapi?

Pindo alitazama kiatu chake. Spana, aliyekuwa amekwisha kukaa, alijiinua kidogo, akaona kipande cha kitabu alichokalia, akakaa tena. Mimi nikashika birika nimmiminie mzee kahawa. Lilikuwa tupu.