Kitabu Alichobeba Bi Darmi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio, hasa ninyi akina mama. Leo tunamkumbuka mwalimu Guyo Wako wa Minjila, hapo karibu na Garsen. Aliandika kwa Kiorma. Narudia: kwa Kiorma.

Mwanzo aliandika kwa Kiingereza. Kitabu kikachapishwa, akasifiwa. Kisha akasema basi, sasa naandika kwa lugha ya nyumbani. Mamake, Bi Darmi, roho ikamruka. Hakuwa amesahau Guyo mdogo alivyorudi kutoka shuleni na kibao shingoni, kosa lake kuongea Kiorma.

"Mwanangu, Kiorma kina ofisi gani?"

Guyo akacheka. "Na wewe mama una ofisi gani, mbona nakusikiliza?"

Kila asubuhi mama akikama ng'ombe, Guyo alimsomea alichoandika. Mpaka siku moja mama akafoka: "Hebu nyamaza! Ng'ombe anazuia maziwa!" Tangu siku hiyo hakumsomea tena.

Yakaja mafuriko ya mwaka jana, tisini na saba. Guyo yuko hospitalini, homa imemlaza. Akatuma neno: "Mama, okoa kitabu changu."

Maji yalikuwa magotini. Nyumbani palikuwa na kile cha Kiingereza, chenye jalada gumu na picha ya Guyo. Palikuwa pia na madaftari manne ya Kiorma, ndani ya mfuko wa ngozi. Bi Darmi hajui kusoma. Akachukua chenye picha. Akakifunga kichwani kwa shuka, akavuka. Mfuko ukaenda na maji.

"Hospitalini kaka alikigeuzageuza tu," asema Kadra, dada yake. "Akasema, ahsante mama. Hakumwambia kwamba alitaka madaftari. Mimi ndiye niliyemwambia, baada ya mazishi."

Guyo alifariki Januari hii. Miaka thelathini na minne, wasikilizaji.

Yale aliyosomewa, Bi Darmi anayakumbuka neno kwa neno. Yeye anasema, Kadra anaandika. Lakini wakifika siku ile ya ng'ombe, maneno yanakatika. Mbele hakuna kitu.

"Nilidhani namkinga na kibao kile," asema Bi Darmi. "Waambie wenzangu. Mtoto akikusomea, ng'ombe na angoje."

Pole Bi Darmi. Pole Kadra. Poleni watu wa Minjila. Mungu amrehemu Guyo.

Nami ni mama, na woga huo ninao. Tufikirini, jamani. Mtoto akikuita leo kwa lugha yako, mwitikie kwa hiyo hiyo.