Mwalimu Beda na Mawe Matatu ya Mshangano

Marehemu Mwalimu Beda Bartolomeo alizaliwa Mahenge tarehe 3 Machi 1934, kitindamimba wa watoto sita. Alisoma shule ya misheni hukohuko, akahitimu ualimu mwaka 1956. Alifunga ndoa na Bi. Lidwina mwaka 1960.

Alihamishiwa Songea mwaka 1969, akafundisha hesabu hadi alipostaafu mwaka 1989. Wengi mliopo hapa, masikio yenu yanamkumbuka.

Mwaka 1975, ukoo wa Mzee Urban ulipohamishwa katika operesheni ya vijiji, marehemu alipewa shamba lao hapa Mshangano. Alikuta mawe matatu makubwa, akayang'oa na kujengea banda la kuku. Mzee Urban alikuja akasimama mpakani, akasema, "Mwalimu, hayo ni makaburi ya wazee wetu." Marehemu akamjibu, "Mimi nina karatasi." Tunaona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka 1992 alikwenda kwao Mahenge, akakuta kaburi la baba yake limepandwa mihogo. Alirudi mtu mwingine. Wafanyabiashara walikuwa wameanza kuulizia viwanja, hakuuza. Alibomoa banda, akamwomba Mzee Urban amwoneshe kila jiwe lilikotoka, akayarudisha. Kuku walilala jikoni mwezi mzima, na Bi. Lidwina hakunyamaza hata siku moja. Kisha akaandika kwamba shamba lirudi kwa wenyewe.

Presha ilimwangusha Januari mwaka huu. Alifariki dunia tarehe 9 Agosti 1995, akiwa ameagiza azikwe makaburi ya parokia.

Kijana wake, Shukuru, hakukubali. Juzi alishika jembe mbele ya waombolezaji: "Baba tunamzika shambani. Kaburi likishakuwepo, tuone nani atatutoa!" Nusura ndugu washikane mashati. Ndipo Mzee Urban akaingia.

"Shukuru, mwanangu, lete hilo jembe. Baba yako atalala hapa, karibu na wazee wangu. Ila kaburi tunachimba sisi, maana huyu ni mgeni wetu."

Shukuru aling'ang'ania mpini, sote roho juu. Mwishowe akalitoa kwa mikono miwili, akalia. Ni yeye aliyeomba haya yasomwe leo.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, Shukuru na Asumpta, wajukuu saba, na wenyeji wake, ukoo wa Mzee Urban, waliomchimbia.

Mwalimu, pumzika kwa amani. Safari hii umekaribishwa.